CT za mita na CT za rilei kwa transfoma ya kVA 1,000: je, niikubali ankara kifani hii?

FundiKirumba aliuliza:

Wanajukwaa, mwangaluka. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na transfoma za mkondo, ambazo humu wengi tunaziita CT tu: zile zinazopunguza mkondo mkubwa ili upimwe na mita, au na rilei inayoiamuru breka kukata hitilafu ikitokea.

Ninasimamia umeme katika kiwanda cha kusindika sangara kando ya ziwa, hapa Mwanza. TANESCO wanatuletea msongo wa kV 33, na transfoma yetu ni ya kVA 1,000, kV 33 kwa volti 400, impidansi yake kwenye bamba ikiwa asilimia 6. Tunabadilisha suichigia (kabati za breka) ya upande wa kV 33, na uongozi umekubali tufunge pia mita yetu wenyewe ya ulinganisho upande wa volti 400, tofauti na mita ya malipo yenye lakiri, ili tujue umeme unakwenda wapi kati ya friza, mtambo wa barafu na chumba cha kuhifadhia minofu.

Mzigo wetu unapanda na kushuka mno. Samaki wakiingia kwa wingi na kompresa zote zikawashwa, tunafika ampea 600 kwa fezi. Siku za upungufu, usiku, chumba cha baridi peke yake kinakula ampea 70 hivi, na pawa fakta hushuka hadi 0.7. Upo mpango wa kuongeza friza, na zikiongezwa tutakaribia ampea 900.

Muuzaji ametuletea ankara kifani. Upande wa volti 400 amependekeza CT za 1500/5 (ampea 1,500 za praimari, upande wa basbaa, huwa 5 za sekondari, upande wa mita), daraja la usahihi la 1, VA 30 (mzigo unaoruhusiwa kufungwa kwenye sekondari). Upande wa kV 33 amependekeza CT za 20/5, 5P20, VA 15, zenye kiini kimoja (chuma cha sumaku na koili yake) ambacho anasema kitatosha kwa rilei na hata kwa mita tukitaka kuifunga huko baadaye. Hoja yake ni kwamba transfoma yetu hutoa ampea 1,443 upande wa chini na huchukua 17.5 upande wa juu, kwa hiyo uwiano umekaa sawasawa, na kwamba VA zikiwa nyingi usalama nao unaongezeka. Umbali kutoka CT za chini hadi mahali pa mita ni mita 8, na kutoka suichigia hadi chumba cha rilei ni mita 40. Kiwango cha shoti tulichopewa kwenye kV 33 ni kA 8, na suichigia mpya imepimwa kwa kA 25 kwa sekunde 1.

Je, nikubali? Na kama sivyo, niandike nini kwenye masharti ya zabuni?

Mhandisi_Nyegezi alijibu:

Ndugu FundiKirumba, usikubali, na kosa kubwa liko kwenye hoja ya VA. Mita na rilei hutaka vitu vinavyopingana. Mita inataka CT iwe sahihi kwenye mkondo mdogo wa kila siku, kisha kiini kishibe mapema, yaani kisiweze kupitisha zaidi, shoti ikitokea ili mkondo mkubwa usiifikie. Rilei haijali sana usahihi wa mkondo mdogo, ila inataka kiini kisishibe hadi shoti iwe imeonekana na breka imeamriwa kufungua. Kiini kimoja hakiwezi kutii mabwana hao wawili, na ndiyo maana viini vya mita huandikwa kwa FS (mara ngapi ya mkondo wa CT kabla kiini hakijashiba) na viini vya rilei kwa P (5P20 ni kosa lisilozidi asilimia 5 hadi mara 20 ya mkondo wa CT). Nitasema ya upande wa volti 400 tu. Ya kV 33 nawaachia wanaoishi na rilei.

Tuanze na uwiano. Kwenye CT ya 1500/5, ampea 70 ni asilimia 4.7 ya mkondo wa CT. Katika kiwango cha IEC 61869-2, madaraja ya kawaida ya 0.5 na 1 yana ukomo wa makosa kuanzia asilimia 5 kwenda juu. Chini ya hapo mtengenezaji hakuahidi chochote. Kwa hiyo kila usiku wa upungufu mita yako itakuwa inasoma mahali ambapo hakuna mtu aliyeweka sahihi yake. Kununua CT kwa kufuata ukubwa wa transfoma ni mazoea ya kawaida, lakini CT ya mita inapaswa kufuata mzigo uliopo na ule unaotarajiwa kweli. Kwako hiyo ni 1000/5, ambayo huruhusu asilimia 120 mfululizo, yaani ampea 1,200, na bado friza mpya zitaingia humo.

Daraja nalo lina jambo ambalo watu hulipita haraka. Kila daraja lina makosa ya aina mbili: kosa la uwiano, na kosa la pembe linalohesabiwa kwa dakika, ambapo dakika 60 ni digrii moja. Pawa fakta ikiwa 1, kosa la pembe karibu halionekani kwenye kWh. Ikiwa 0.7, kosa hilo linaingia karibu lote, kwa sababu huzidishwa kwa tanjenti ya pembe, ambayo hapo ni 1.02. Daraja la 1 kwenye asilimia 5 ya mkondo linaruhusu kosa la uwiano la asilimia 3 na la pembe la dakika 180. Dakika 180 ni radiani 0.052, sawa na asilimia 5.3 ya nishati kwa pawa fakta yako. Yote mawili yakiegemea upande mmoja, unafika asilimia 8. Huo ni ukomo wa juu na si lazima CT yako iufikie, lakini ndicho unachokuwa umekubali kwa kusaini.

Sasa linganisha na daraja la 0.5S, ambalo herufi S inamaanisha kwamba limepimwa kuanzia asilimia 1 ya mkondo. Kwenye asilimia 5 linaruhusu asilimia 0.75 na dakika 45. Kwa pawa fakta ya 0.7 jumla yake haizidi asilimia 2.1. Daraja la 0.2S kwenye mkondo huo huo linaruhusu asilimia 0.35 na dakika 15, jumla karibu asilimia 0.8. Kwa mita ya ulinganisho, 0.5S inatosha ikiwa mita yenyewe ni ya 0.5S. Ukitaka kupeleka hoja kwa shirika kwamba ankara yao haiendani na matumizi yako, nenda 0.2S, kwa sababu huwezi kubishana juu ya asilimia mbili kwa kifaa chenye ruhusa ya kukosea asilimia mbili.

Halafu VA. Makosa niliyoyataja yanahakikishwa pale tu mzigo uliofungwa kwenye CT ukiwa kati ya asilimia 25 na 100 ya VA zilizoandikwa. Hesabu ya kwako ni fupi: waya wa shaba wa mm² 2.5, umbali wa mita 8 kwenda na 8 kurudi, ni omu 0.115, kwa ampea 5 ni VA 2.9. Mita ya elektroniki haizidi VA 1 kwa fezi. Jumla ni VA 4. Robo ya VA 30 ni VA 7.5, kwa hiyo CT ya muuzaji wako iko nje ya eneo lake la usahihi kabla hata hujawasha kompresa. CT ya VA 5 ndiyo inayokaa vizuri hapo.

VA nyingi zina madhara mengine pia. Tuseme CT ile ya VA 30 ni FS10 na koili yake ya sekondari ina omu 0.3, ambayo kwa ampea 5 ni VA 7.5 za ndani. Ukiifunga mzigo wa VA 4, FS halisi inakuwa 10 × (7.5 + 30) ÷ (7.5 + 4), karibu 33. Shoti kwenye basbaa zako za volti 400, kwa impidansi ya asilimia 6, ni karibu kA 24, ambayo ni mara 16 ya 1,500. CT itaipitisha yote, na mita itapokea ampea 80. Nikiri kwamba mita za kisasa za CT hutengenezwa zivumilie mkondo mkubwa kwa nusu sekunde, na tatizo hili lilikuwa chungu zaidi enzi za ameta za mshale. Lakini sioni sababu ya kulipia chuma cha ziada ili kuitesa mita. Andika FS5.

Jambo la mwisho ni vipimo vya tundu. Pima basbaa zako kwa rula kabla ya kuagiza, upana na unene pamoja na nafasi kati ya fezi na fezi. Ukikuta CT haipiti, utashawishiwa kununua zile za kufunguka zinazofungwa bila kukata umeme, na nyingi za aina hiyo hazifiki 0.5S.

BintiNyakato_Rilei alijibu:

Namuunga mkono Mhandisi kwa volti 400. Kwa kV 33, CT ya 20/5 ndiyo ningeikataa kwanza.

Tazama kA 25 ya suichigia. Kwa CT ya ampea 20, hiyo ni mara 1,250 ya mkondo wake wa kawaida, na CT inatakiwa kuivumilia kwa sekunde 1, pamoja na nguvu za kusukumana kwa koili kwenye kilele cha mara 2.5 ya hiyo, yaani kA 62.5. Mkondo mdogo wa praimari maana yake ni mizunguko mingi ya praimari ndani ya CT ili ampea-mizunguko itoshe kwa usahihi, na kila mzunguko lazima uwe mnene kiasi cha kubeba kA 25. Ama utapewa CT kubwa ya bei isiyoingia akilini, ama utapewa ya kawaida ambayo bamba lake halikutaja Ith (mkondo wa shoti inaouvumilia kwa muda mfupi) kabisa. Kagua ankara yako. Kama Ith na Idyn (ule wa kilele) hazikuandikwa, hilo la pili ndilo linalokujia.

Kisha kushiba. CT ya 20/5 5P20 inabaki ndani ya kosa la asilimia 5 hadi ampea 400 tu. Shoti ya upande wa volti 400 ikionekana kutoka kV 33 ni 17.5 ÷ 0.06, karibu ampea 292. Kipengele cha kukata papo hapo lazima kiwe juu ya hiyo, kwa mfano ampea 380, ili breka yako ya kV 33 isikimbilie kazi ya breka ya chini. Kinapita pia mkondo wa kuamsha transfoma, ambao ukiuchukulia mara 10 ni ampea 175. Ampea 380 dhidi ya ukomo wa 400 ni kusimama ukingoni. Tena hesabu ya waya: mita 40 kwenda na kurudi kwa mm² 2.5 ni omu 0.576, na kwa sekondari ya ampea 5 hiyo ni VA 14.4. VA 15 za muuzaji zimeliwa na waya kabla ya kufika kwenye rilei. Kwa sekondari ya ampea 1, waya ule ule unakula VA 0.58. Umbali wa mita 40 unatosha kabisa kukufanya uhame kutoka ampea 5 kwenda ampea 1.

Pendekezo langu ni 100/1, 5P20, VA 2.5, Ith kA 25 kwa sekunde 1. Rilei ya kidijiti itawekwa 0.21 ya mkondo wa CT kwa ampea 21 (mara 1.2 ya 17.5 za transfoma), na rilei nyingi za leo huanzia 0.1 au chini yake. Mita usiiweke huko hata kidogo. Unayo tayari upande wa chini.

Igoma_HT alijibu:

Dada BintiNyakato, hesabu zako ziko sawa, ila mimi ningeshuka hadi 50/1. Daraja la 5P linaahidi kosa la asilimia 1 kwenye mkondo kamili wa CT, si kwenye sehemu ya tano yake, na kwa 100/1 utakuwa unaishi kwenye asilimia 17 maisha yote. Kwa 50/1, ampea 21 inakuwa 0.42. Na usiogope kushiba, maana hapa VA ambazo hazikutumika ni faida, kinyume kabisa na kwenye mita. Ukichukua 50/1, 5P20, VA 2.5, koili ya omu 0.4, na mzigo halisi wa VA 1, ukomo unapanda hadi 20 × (0.4 + 2.5) ÷ (0.4 + 1), yaani mara 41, ambayo ni zaidi ya ampea 2,000. Kwa kA 8 bado kiini kitashiba, lakini mpangilio wa ampea 380 utakuwa umevukwa mwanzoni mwa wimbi. Ith ya kA 25 kwa 50/1 ni mara 500, na inapatikana.

BintiNyakato_Rilei alijibu:

Nakubali, mkuu, kwa sharti moja: mtengenezaji athibitishe mara 500 hiyo kwa cheti cha majaribio, si kwa mdomo. Akishindwa, FundiKirumba arudi kwenye 100/1, kwa sababu kosa la asilimia mbili tatu kwenye mpangilio wa mkondo wa ziada halimuumizi mtu, lakini CT iliyopasuka ndani ya suichigia inaumiza.

FundiKirumba aliandika:

Nawashukuru sana, nimeanza kuona picha. Nina maswali mawili ya ziada. Kwanza, kwa hitilafu ya ethi nimeambiwa nifunge CT moja ya duara inayozunguka kebo zote tatu. Je, ina masharti yake? Pili, suichigia itakaa kwenye chumba kilicho hatua chache kutoka majini, chenye unyevu, na wadudu wa ziwani huingia kwa mawingu taa zikiwaka usiku. Je, hilo linaingia kwenye masharti ya CT?

Mhandisi_Nyegezi alijibu:

La kwanza. CT ya duara ni nzuri kwa sababu mikondo mitatu iliyo sawa hufutana ndani yake, na kinachobaki ni kile kinachovujia ardhini, kwa hiyo rilei inaweza kuwekwa chini sana bila kusumbuliwa na tofauti ndogo za CT tatu. Inapoharibika kazi ni kwenye ngao ya kebo. Ngao hiyo ya shaba, ikiwa imepita ndani ya duara pamoja na kebo kisha ikafungwa kwenye ethi upande wa pili, hubeba mkondo wa hitilafu kurudi kupitia duara lile lile, na CT haioni kitu. Waya wa ethi wa ngao lazima urudishwe ndani ya duara, kinyume na ulivyokuja, ndipo ufungwe ardhini. Na tangu ngao inapoishia hadi ulipokwisha kurudi ndani ya duara uvikwe plastiki, usiguse chuma chochote. Kama kebo imekatwa ngao kabla ya kuingia kwenye duara, basi usiupitishe kabisa. Simama nyuma ya fundi anapofunga hiyo, usisubiri akuonyeshe picha.

La pili, ndiyo, linaingia, ila si kwa kiasi ambacho watu hudhani. Viwango vya IEC huchukulia kifaa kinafanya kazi hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko kama mita 1,134, na mji uko juu kidogo ya hapo. Marekebisho ya umbali wa hewa kwa mita 1,140 ni asilimia 1.7 hivi, ni madogo, lakini yaandike, kwa sababu muuzaji asiyeyasikia ataleta kifaa cha pwani. Kwa kV 33 unataka CT ya kV 36, yenye jaribio la kV 70 kwa dakika moja na kV 170 la radi. Unyevu unanitia wasiwasi zaidi. Dai CT za rezini, dai hita ndani ya kila kabati yenye kidhibiti chake, na matundu ya hewa yawe na wavu mwembamba, kwa maana wadudu wale wakifa juu ya vihami na umande ukashuka, wanaacha tope linalopitisha umeme. Taa ya chumba iwashwe mtu anapoingia tu.

Igoma_HT alijibu:

Niongeze la usalama, kwa kuwa waya zako ni za mita 40. Sekondari ya CT isiachwe wazi kamwe praimari ikiwa na mkondo. Mkondo wa praimari hautapungua kwa sababu wewe umefungua skrubu. Wote utageuka kuwa wa kusumaku kiini, na kwenye ncha za sekondari itatokea volti ya kuua na ya kutoboa koili. Kwa hiyo kwenye masharti andika bloku za majaribio zenye viunganishi vya kufunga sekondari kwa shoti, ziwe karibu na mita na karibu na rilei pia. Kila kundi la CT lifungwe kwenye ethi mahali pamoja tu. Ukifunga mahali pawili, tofauti ya volti ya ardhi kati ya suichigia na chumba cha rilei itaingiza mkondo usio wako kwenye kipengele cha ethi, na breka itakuwa inakata bila sababu siku za radi.

FundiKirumba aliandika:

Nimeelewa. Zikifika, nikague nini kabla ya kukubali mzigo? Hatuna mashine ya kupitisha mkondo mkubwa.

BintiNyakato_Rilei alijibu:

Bila mashine hiyo unaweza kufanya mengi. Soma bamba kwanza: uwiano, daraja, VA, FS au 5P20, Ith, Idyn, namba ya mfululizo inayolingana na cheti chake. Pima ukinzani wa koili ya sekondari kwa kifaa cha mkondo wa DC na ulinganishe na cheti, maana hesabu zote za Igoma_HT zimesimama juu ya namba hiyo. Mwelekeo unapimwa kwa betri ya volti 9 na galvanometa: gusa chanya kwenye P1 na hasi kwenye P2 (ncha za praimari), mshale wa galvanometa iliyofungwa S1 na S2 (ncha za sekondari) uruke upande wa chanya. Mita itasoma kinyume au pungufu ukikosea hapo, na kwa CT tatu moja ikiwa imegeuka ni vigumu kuibaini kwa macho.

Kwa viini vya rilei, ukipata kibadilisha volti cha AC, ingiza volti kwenye sekondari praimari ikiwa wazi, ukipanda polepole na kuandika mkondo kila hatua. Mahali ambapo ukiongeza volti kwa asilimia 10 mkondo unaongezeka kwa asilimia 50 ndipo goti la kiini, yaani kinapoanza kushiba. CT iliyoandikwa 5P20 lakini ina goti chini kama la CT ya mita ni kiini cha mita kilichobandikwa bamba la rilei, au waya za viini viwili zimebadilishana kwenye sanduku la ncha. Hilo la pili hutokea zaidi. Ukimaliza, shusha volti taratibu hadi sifuri kabla ya kuzima, ili kiini kisibaki na usumaku.